Uwanja wa Ndege wa Mwanza

Uwanja wa Ndege wa Mwanza (msimbo wa IATA: MWZ, msimbo wa ICAO: HTMW) ni uwanja wa ndege ulioko katika Manispaa ya Ilemela, Mkoa wa Mwanza, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria. Uko umbali wa kilomita 10 hivi kaskazini mwa katikati ya jiji la Mwanza. Unasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA), nao ndio lango kuu la usafiri wa anga kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa.

Uwanja ulijengwa mahali palipokuwa nje kabisa ya mji. Kadiri mji ulivyokua, nyumba zimeusogelea na mashamba ya zamani yamegeuka kuwa mitaa. Kwa sababu hiyo mipaka ya uwanja, fidia ya ardhi na hatima ya wakazi wanaoishi jirani nao vimekuwa hoja ya kudumu katika siasa za Ilemela, hasa wakati wa kuchagua madiwani na mbunge.

Mahali na mazingira

Uwanja uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kurukia na kutua ndege ina namba 12/30, maana yake imelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Ncha ya kaskazini-magharibi inaelekea ziwani, na ile ya kusini-mashariki inaelekea nchi kavu penye makazi.

Anayetoka katikati ya jiji kwenda uwanjani hupita Kirumba na Pasiansi, zote zikiwa sehemu za Manispaa ya Ilemela. Mbele ya uwanja barabara inaendelea kuelekea Igombe na vijiji vya wavuvi vya kaskazini. Kata ya Shibula, inayopakana na uwanja, ndiyo inayotajwa zaidi katika mgogoro wa ardhi unaoelezwa hapa chini.

Mwanza ni mji wa vilima na majabali. Ardhi tambarare ni haba, na mahali penye tambarare ndefu ya kutosha ndege kubwa kutua ni pachache zaidi. Jambo hili linaeleza kwa nini uwanja ulijengwa hapo. Linaeleza pia kwa nini watu wanaotafuta viwanja vya kujenga nyumba bila gharama kubwa ya kuvunja mawe nao wamevutwa na eneo lilelile.

Ukuaji wa mji

Kadiri ya sensa ya mwaka 2012, Wilaya ya Ilemela ilikuwa na wakazi 343,001. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 509,687. Ongezeko hilo ni la watu 166,686 katika miaka kumi, yaani karibu nusu ya idadi ya awali. Wilaya ya Nyamagana, ambayo ndiyo yenye katikati ya jiji, ilikuwa na wakazi 594,834 mwaka 2022. Wilaya hizo mbili kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni moja.

Hadi mwaka 2012 Nyamagana na Ilemela zilikuwa chini ya Halmashauri moja ya Jiji la Mwanza. Mwaka huo Ilemela ilitengwa ikawa manispaa yenye baraza lake la madiwani na meya wake. Matokeo yake ni kwamba uwanja unaobeba jina la Mwanza umo ndani ya Manispaa ya Ilemela, wala si ndani ya eneo la Halmashauri ya Jiji.

Mabadiliko ya mipaka ya utawala yaligusa pia hali ya ardhi. Eneo linapokuwa kijiji, ardhi yake husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Likiingizwa mjini, kijiji huvunjwa na kuwa mitaa, na ardhi huhamia chini ya Sheria ya Ardhi ya kawaida na mipango miji. Mtu aliyerithi shamba kwa wazee wake anaweza kujikuta anaishi mjini bila kuhama, na bila karatasi yoyote inayotambulika mjini.

Historia

Katika kipindi cha ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru, Mwanza ilihudumiwa na shirika la East African Airways, lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika la Ndege la Tanzania (Air Tanzania), ambalo liliendeleza safari za Mwanza.

Wakati wa Vita vya Kagera (1978–1979) Mwanza ilikuwa mji wa nyuma ya mstari wa mapigano, na uwanja ulikuwa na umuhimu wa kijeshi. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin, ilijaribu kulipua hifadhi ya mafuta mjini Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha na kuangukia kisiwa cha Saanane, ambako yaliua wanyama wa hifadhi.

Kuanzia miaka ya 1980 biashara ya sangara ilibadilisha sura ya uwanja. Viwanda vya kuchakata minofu vilijengwa Mwanza, na ndege za mizigo zikaanza kubeba samaki kwenda Ulaya. Kati ya mwaka 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu za usafi na afya, na viwanda vikalazimika kuboresha taratibu zao.

Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Darwin's Nightmare ya mwongozaji Hubert Sauper kutoka Austria. Sehemu kubwa ya filamu hiyo inahusu ndege za mizigo na maisha ya watu waliozunguka biashara ya sangara mjini Mwanza. Ilidokeza kwamba ndege zilizobeba samaki zilihusika pia na usafirishaji wa silaha katika Afrika. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Serikali ya Tanzania iliipinga vikali, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwamba inaichafua nchi.

TAA ilianzishwa mwaka 1999 chini ya Sheria ya Wakala wa Serikali ya mwaka 1997, ikakabidhiwa viwanja vya serikali vya Tanzania Bara. Novemba 2012 kampuni ya Fastjet ilianza safari zake nchini, na Mwanza ilikuwa miongoni mwa vituo vyake viwili vya kwanza kutoka Dar es Salaam, pamoja na Kilimanjaro. Ushindani huo uliwafanya watu wengi waliozoea basi kuanza kupanda ndege. Fastjet iliacha kuruka nchini mwishoni mwa mwaka 2018. Kampuni nyingine zinazotumia uwanja ni pamoja na Air Tanzania, Precision Air na Auric Air.

Upanuzi

Mradi mkubwa wa upanuzi ulianza mwaka 2012 chini ya mkandarasi kutoka China, kampuni ya Beijing Construction Engineering Group. Mradi ulihusu kurefusha barabara ya kurukia kutoka mita 3,300 hivi hadi mita 3,500, kujenga mnara mpya wa kuongozea ndege, jengo la mizigo na maegesho ya ndege. Kazi haikwenda kwa kasi iliyotarajiwa, na ilivuka vipindi zaidi ya kimoja vya uchaguzi.

Jengo la abiria lilikuwa na historia yake. Jengo la zamani lilikuwa dogo kwa mji wa ukubwa wa Mwanza, na abiria walilalamikia msongamano. Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zilishirikishwa kuchangia ujenzi wa jengo jipya kutokana na mapato yao ya ndani, kabla ya TAA kuchukua kazi hiyo. Kwa njia hiyo madiwani, ambao kisheria hawana mamlaka juu ya uwanja wa ndege, walijikuta wakijadili uwanja katika bajeti zao. Shilingi iliyokwenda kwenye jengo la abiria ilikuwa shilingi isiyokwenda kwenye madarasa, zahanati au barabara za mitaa.

Kwa nini uwanja unahitaji ardhi kubwa

Mara nyingi mwananchi huona uwanja una eneo kubwa la nyasi lisilotumika, naye hujiuliza kwa nini ahamishwe. Jibu liko katika kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambazo Tanzania inazifuata kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Ukanda wa usalama. Kwa barabara kubwa inayotumiwa na ndege zinazotua kwa kufuata vyombo, mita 140 kila upande kutoka mstari wa katikati zinatakiwa kuwa wazi na tambarare. Ndege ikitoka barabarani isigonge kitu.

Eneo la mwisho wa barabara. Baada ya ukanda huo panatakiwa eneo la ziada la angalau mita 90, na inapendekezwa lifike mita 240, kwa ajili ya ndege inayopitiliza au kutua kabla ya kufika.

Mipaka ya urefu wa majengo. Kwa viwanja vikubwa, ndani ya umbali wa kilomita 4 hivi kuzunguka barabara ya kurukia, majengo na minara haipaswi kuzidi mita 45 juu ya usawa wa uwanja. Kwenye njia ya kutua kikomo ni cha chini zaidi, kwa kuwa kinaanza karibu na ardhi na kupanda taratibu kadiri mtu anavyokwenda mbali.

Mwinuko. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka. Kanuni ya kawaida ni kuongeza asilimia 7 ya urefu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Mwanza, iliyo mita 1,147 juu ya bahari, nyongeza hiyo ni karibu asilimia 27. Ndege inayohitaji mita 2,500 mahali palipo sawa na bahari itahitaji takribani mita 3,170 Mwanza, kabla hata ya kuhesabu joto.

Ndege wa angani. Taka, mabaki ya samaki na maji huvutia ndege wakubwa kama kongoti, ambao wakiingia kwenye injini huweza kusababisha ajali. Kwa hiyo mahali pa kutupa taka karibu na uwanja ni suala la usalama, na hili liko mikononi mwa manispaa.

Mgogoro wa ardhi

Mgogoro kati ya uwanja na wakazi wa mitaa ya jirani, hasa ya Kata ya Shibula, umedumu kwa miaka mingi. Maswali yake ni matatu. La kwanza ni nani alitangulia: je, wakazi walivamia ardhi ya uwanja, au uwanja ulipanuliwa ukawakuta? La pili ni kama waliokuwapo walilipwa fidia, na kama walilipwa, ni wangapi na kwa eneo lipi. La tatu ni mpaka halisi uko wapi, kwa kuwa ramani ya mamlaka na alama zinazojulikana na wazee si lazima ziwe kitu kimoja.

Msingi wa sheria ni kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inamruhusu Rais kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na uwanja wa ndege ni mojawapo ya manufaa hayo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaweka sharti kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni zake za mwaka 2001 zinataja vitu vinavyohesabiwa: thamani ya ardhi na maendelezo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba hudaiwa. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imeongeza kwamba tathmini ya fidia isiyolipwa ndani ya miaka miwili hupoteza nguvu, na lazima irudiwe.

Sharti hilo la miaka miwili lina uzito kwa familia. Mthamini akishapita na kuandika namba ukutani, mwenye nyumba huambiwa asiendeleze chochote. Hawezi kuongeza chumba, kuezeka upya wala kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa kitu kipya hakitalipwa. Hawezi kupata hatimiliki, na bila hati hawezi kuweka nyumba rehani benki. Mnunuzi naye hapatikani. Watoto wanakua na kutaka viwanja vyao, lakini shamba haligawiki. Mtu huyo hajafukuzwa, wala hawezi kusema anakaa kwake. Kwa watu wa namna hiyo suala la uwanja ni jambo la kila siku, na kila mgombea anayefika mtaani huulizwa kwanza habari ya fidia.

Upande wa serikali nao una hoja zake. Fedha za fidia hushindania bajeti ileile ya kujenga. Kila mwaka unaopita nyumba huongezeka na gharama hupanda. Baadhi ya waliojenga karibuni walinunua viwanja wakijua kuna mgogoro, wakitumaini kulipwa. Kuwalipa wote bila kuchuja ni kuwazawadia wavamizi, na kutowalipa wote ni kuwadhulumu wenyeji wa asili. Kazi ngumu ni kuwatenganisha, na hiyo huhitaji kumbukumbu ambazo mara nyingi ziko kwa wazee na kwa wenyeviti wa zamani wa vijiji kuliko kwenye majalada.

Mgogoro wa Mwanza si wa pekee nchini. Wakazi wa Kipawa, Dar es Salaam, karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, walifanyiwa tathmini mwaka 1997, na malipo yakaja zaidi ya miaka kumi baadaye. Mkoani Kagera, mpango wa kujenga uwanja mpya huko Omukajunguti ili kupunguza mzigo wa uwanja mdogo ulio ndani ya mji wa Bukoba ulikaa miaka mingi huku wenye mashamba wakisubiri.

Uwanja katika uchaguzi

Nchini Tanzania meya hachaguliwi moja kwa moja na wananchi. Wananchi wa kila kata humchagua diwani, na madiwani wakishaapishwa humchagua meya miongoni mwao. Kwa hiyo kampeni ya umeya haifanyiki kwenye viwanja vya mikutano. Inafanyika kata kwa kata, kisha ndani ya vikao vya chama, na hatimaye ndani ya ukumbi wa baraza. Wenyeviti wa mitaa huchaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao kwa kawaida hutangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja.

Siasa za Mwanza zimekuwa na ushindani mkubwa. Mwaka 2010 majimbo yote mawili ya jiji yalichukuliwa na CHADEMA: Ezekia Wenje alishinda Nyamagana na Highness Kiwia alishinda Ilemela. Mwaka 2015 yalirudi kwa CCM: Stanslaus Mabula, aliyekuwa meya wa Jiji la Mwanza, alishinda Nyamagana, na Angeline Mabula alishinda Ilemela. Angeline Mabula alikuwa Naibu Waziri wa Ardhi tangu mwaka 2015, kisha Waziri wa Ardhi kuanzia Januari 2022 hadi Agosti 2023. Kwa miaka hiyo mbunge wa jimbo lenye mgogoro wa uwanja alikuwa pia kiongozi wa wizara inayoshughulikia ardhi. Jambo hilo liliwaongezea wakazi matumaini, na pia matarajio makubwa.

Hoja zinazosikika kuhusu uwanja zinaweza kupangwa katika makundi matatu.

Wanaotaka upanuzi uharakishwe. Hawa husema Mwanza ni jiji la pili kwa ukubwa nchini na linastahili uwanja wa kimataifa. Wenye viwanda vya samaki wanataka minofu iruke moja kwa moja kutoka Mwanza badala ya kupelekwa kwa malori hadi viwanja vya nchi jirani. Wenye hoteli wanataka watalii wa Serengeti waingilie Mwanza, kwa kuwa upande wa magharibi wa hifadhi uko karibu.

Wanaotaka fidia kwanza. Hawa hawapingi uwanja. Wanasema mtu alipwe ndipo ahame, na kama fedha hazipo mpaka urudishwe nyuma ili watu wapimiwe viwanja na kupewa hati. Hoja hii ndiyo yenye nguvu zaidi katika kata za jirani.

Wanaotaka fedha za manispaa zibaki kwa wananchi. Hawa huhoji kwa nini mapato ya halmashauri yaingie kwenye mradi wa serikali kuu, wakati barabara za Buswelu, Nyasaka au Bugogwa hazipitiki wakati wa mvua.

Tofauti na miji mingine inayotajwa hapa chini, mjadala wa Ilemela hauhusu kuufunga uwanja. Unahusu ukubwa wake, mpaka wake, na nani abebe gharama.

Uwezo wa meya na baraza

Ahadi za uchaguzi hueleweka vizuri zaidi mtu akijua nani ana mamlaka gani. Baraza la madiwani, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, haliwezi kuamua urefu wa barabara ya kurukia, kutangaza uwanja kuwa wa kimataifa, wala kulipa fidia ya ardhi iliyotwaliwa na serikali kuu. Mambo hayo ni ya TAA, TCAA, wizara zinazohusika na Hazina.

Hata hivyo baraza lina uwezo katika mambo yafuatayo:
- kuandaa mipango miji na kutoa au kukataa vibali vya ujenzi karibu na uwanja;
- kusimamia upimaji na urasimishaji wa makazi katika mitaa iliyo nje ya mpaka;
- kuamua mahali pa kutupa taka;
- kutunza barabara za mitaa kwa kushirikiana na TARURA;
- kuwaandikia wenye mamlaka na kuwaita kutoa maelezo mbele ya wananchi.

Mgombea anayeahidi kwamba akichaguliwa fidia italipwa anaahidi kitu kisichokuwa mikononi mwake. Anayeahidi kwamba hakuna kibali kipya kitakachotolewa ndani ya eneo lenye mgogoro, na kwamba mitaa iliyo nje ya mpaka itapimwa, anaahidi kitu anachoweza kuulizwa baada ya miaka mitano.

Kulinganisha na miji mingine

Dodoma. Uwanja wa zamani uko ndani ya mji. Serikali iliamua kujenga uwanja mpya wa Msalato, kilomita 12 hivi kutoka katikati ya jiji, kwa mkopo ulioidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2019.

Bukoba. Uwanja uko kati ya mji na ziwa, na barabara yake ni fupi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air namba 494, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kupitia Bukoba, ilianguka ziwani karibu na uwanja huo. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi ndio waliofika kwanza kuwaokoa abiria.

Kinshasa. Tarehe 8 Januari 1996 ndege ya mizigo ilishindwa kupaa kutoka Uwanja wa Ndolo na kuingia katika soko lililokuwa mwisho wa barabara ya kurukia. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao wakiwa wafanyabiashara na wateja.

Goma. Mji umeuzunguka uwanja. Mwaka 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilifunika sehemu ya barabara ya kurukia, na tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora iliangukia eneo la biashara la Birere baada ya kushindwa kuruka.

Toronto, Kanada. Mwaka 2003 daraja la kwenda uwanja wa kisiwani, karibu na katikati ya jiji, lilikuwa hoja kuu ya uchaguzi wa meya. David Miller, aliyepinga daraja, alishinda, na baraza likaondoa kibali chake Desemba mwaka huo. Uwanja haukufungwa. Mwaka 2015 ulipata njia ya waenda kwa miguu chini ya maji.

Edmonton, Kanada. Mwaka 2009 baraza liliamua kuufunga kwa awamu uwanja wa katikati ya jiji. Wapinzani walikusanya saini, na suala likawa hoja ya uchaguzi wa meya mwaka 2010. Meya Stephen Mandel alishinda tena, na uwanja ukafungwa Novemba 2013.

Berlin, Ujerumani. Uwanja wa Tempelhof ulifungwa Oktoba 2008 baada ya kura ya maoni kushindwa kuuokoa. Mwaka 2014 wananchi walipiga kura nyingine, wakakataa eneo lake lisijengwe nyumba.

Mifano ya Kinshasa na Goma inaonyesha hatari ya kuacha makazi na masoko yafike mwisho wa barabara ya kurukia. Ile ya Kanada na Ujerumani inaonyesha kwamba wakazi wanaweza kuamua hatima ya uwanja kwa kura, pale sheria inapoipa serikali ya mji uwezo huo. Ilemela ina hatari ya aina ya kwanza bila kuwa na uwezo wa aina ya pili, kwa hiyo maamuzi makubwa yanategemea serikali kuu, na lililobaki kwa manispaa ni kupanga ardhi mapema.

Hali ya baadaye

Mpango Kabambe wa Jiji la Mwanza wa mwaka 2015–2035 unazihusu Nyamagana na Ilemela kwa pamoja. Miradi mingine mikubwa ya usafiri inaendelea kubadilisha eneo hili. Daraja la Kigongo–Busisi, linaloitwa pia Daraja la J.P. Magufuli, lilifunguliwa Juni 2025 na kuunganisha pande mbili za ghuba. Reli ya kisasa kati ya Isaka na Mwanza iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021. Watu wengi zaidi wakivutwa Mwanza, ardhi tambarare ya Ilemela itazidi kuwa ghali, na fidia isiyolipwa leo itakuwa kubwa zaidi kesho.

Tazama pia

Ilemela
Mwanza (mji)
Mkoa wa Mwanza
Ziwa Viktoria
Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania
Orodha ya viwanja vya ndege nchini Tanzania